Kufunika Nembo ya Kamera: Mkanda, Tepu, Rangi au Stika? Ulinganisho kwa Wapiga Picha wa Mtwara na Lindi

Mpiga picha anayeuliza namna ya kuficha jina la kampuni kwenye kamera yake hujibiwa kwa ufupi kwamba abandike tepu nyeusi. Jibu hilo lina ukweli, lakini mara nyingi hutoka kwa watu wanaofanya kazi kwenye nchi za baridi, ambako gundi hukaa pale ilipowekwa. Katika ukanda wetu wa pwani, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, kuna joto, jasho, mchanga na upepo wa chumvi, na tepu ileile iliyosifiwa inaweza kuiacha kamera ikinata baada ya wiki chache. Nimezilinganisha hapa njia zinazotumika, nikiangalia zinaficha kiasi gani, zinastahimili vipi hali yetu ya hewa, zinatoka bila kuacha alama au la, na kama vifaa vyake vinapatikana hapahapa au ni vya kuagiza.

Unamficha nani?

Sababu za kufunika nembo hazifanani, na sababu ndiyo inayopaswa kuchagua njia. Kundi la kwanza ni la wanaotaka watu wasishtuke. Ukiingia kwenye mnada wa samaki ufukweni, au ukisimama kando ya ghala la chama cha ushirika katika msimu wa korosho, maandishi makubwa yaliyolala kifuani pako yanakutangaza kabla hujatoa salamu. Wengine huanza kujipanga kwa ajili ya picha, wengine hugeuza uso, na hakosekani mzee wa kuuliza, "Mwanangu, hizi zinakwenda gazeti gani?" Kamera isiyo na maandishi haikufanyi usionekane, kwa kuwa mtu aliyeinua chombo cheusi mbele ya uso wake anaonekana tu; ila watu wanaacha kukuchukulia kama mtu wa televisheni, na mara nyingi hilo linatosha kuwafanya waendelee na shughuli zao.

Kundi la pili ni la wapiga picha wa harusi na wa bidhaa, ambao shida yao ni vioo. Saluni anakopambwa bibi harusi ina vioo pande zote, gari la maharusi limeng'arishwa, miwani ya bwana harusi nayo inaakisi, na herufi nyeupe zilizo juu ya bodi nyeusi, yaani mwili wa kamera, hutokea ndani ya picha zikisomeka kinyume. Kwa mtu huyu kubadili mkanda wa kuvalia kamera peke yake hakusaidii kitu, kwa sababu anachohitaji ni kuondoa weupe ulio kwenye bodi na kwenye maandishi yanayozunguka mdomo wa lenzi, na tena kuuondoa kwa kitu kisichong'aa. Tepu nyeusi inayometa itaakisi taa ya saluni vilevile, na atakuwa amehamisha tatizo tu.

Kundi la tatu linaogopa wezi, na hili ndilo ninaloona linajidanganya kwa kiasi fulani. Mwizi wa stendi anaiba kamera, haulizi imetengenezwa na nani. Wale wachache wanaojua thamani ya vitu hivi wataitambua kwa ukubwa wa lenzi, au kwa pete nyekundu inayozunguka lenzi za Canon za daraja la L, lile la juu, au kwa pete ya rangi ya dhahabu iliyo kwenye lenzi nyingi za juu za Nikon. Kufunika nembo ya bodi huku pete hizo zikiwa wazi ni kazi nusu. Kwa hofu ya wizi, begi lina uzito kuliko tepu zote zilizoko dukani: begi la kamera lililoandikwa jina la kampuni kwa nje linaeleza kilichomo hata likiwa limefungwa, ilhali kapu la ukili lenye kanga nene iliyokunjwa ndani, au begi la kawaida la shule lililowekewa sponji, hupita kwenye daladala na kivuko cha Msangamkuu bila mtu kuligeukia.

Niongeze jambo moja kabla ya kuendelea. Kamera iliyofunikwa nembo haimpi mtu ruhusa ya kupiga picha mahali panapohitaji kibali, kama bandarini, kwenye mitambo ya gesi au karibu na kambi za ulinzi, na mlinzi akiona umeficha maandishi kwa tepu anaweza akakuhoji zaidi badala ya kukupuuza.

Desturi yenyewe si ngeni. Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson anajulikana kwa kuzifunika kwa tepu nyeusi sehemu za kamera yake ya Leica zilizokuwa ziking'aa, na kampuni ya Leica nayo ilitoa mwaka 2011 kamera ya M9-P ambayo haikuwekwa lile doa jekundu la mbele lenye jina la kampuni. Kwa hiyo hata watengenezaji wamekubali kwamba wapo wanunuzi wanaolipa fedha nyingi ili jina lisionekane. Sisi wengine tunaweza kulifikia lengo hilo kwa gharama ndogo sana.

Anza na mkanda

Ningekuwa na nafasi ya kumshauri mtu jambo moja tu, ningemwambia ashughulikie mkanda kwanza. Herufi zilizo kwenye bodi ni ndogo, na mtu aliye hatua kadhaa mbali hazioni vizuri. Herufi za mkandani ni kubwa mara kadhaa kuliko hizo, zimeandikwa mara mbili kwa pande zote za shingo, na mara nyingi zimepewa rangi ya kuvuta jicho, nyekundu na nyeupe kwa Canon, njano kwa Nikon. Mkanda ni tangazo la kampuni ambalo mnunuzi hulivaa bila kulipwa. Ukiuondoa, sehemu kubwa ya kazi imekwisha na kamera haijaguswa.

Njia ya bure ni kuugeuza, upande wa maandishi uelekee mwilini. Inafanya kazi, lakini ina kasoro: upande wa ndani wa mikanda mingi umewekewa mpira au kitambaa cha kukwaruza ili mkanda usiteleze begani, na ukiugeuza, upande unaoteleza ndio unaokutana na shati. Kwa mtu anayevaa kamera shingoni haina neno, lakini anayeitundika bega moja atakuwa anairudisha mahali pake siku nzima.

Njia ninayoiona bora kwa bei na kwa uimara ni ala ya kitambaa. Fundi cherehani yeyote anaweza kushona mfuko mrefu mwembamba wa pamba nyeusi, uliofunguka pande zote mbili, ambao unavishwa kwenye sehemu pana ya mkanda na kuishia pale ugwe mwembamba unapoanzia. Mkanda wa kiwandani unabaki ndani ukiendelea kubeba uzito, na ncha zake zinazopita kwenye vibano vya kamera hazibadilishwi. Pamba hunyonya jasho, huvuliwa na kufuliwa, jambo ambalo wanaopiga picha Desemba na Januari katika joto la Lindi watalithamini. Fundi aambiwe aache nafasi ndogo ya ulegevu, kwani ala iliyobana hukunja mkanda na kuufanya ukate shingo.

Wapo wanaokwenda kwa fundi viatu na kushonewa mkanda mpya kwa utepe wa mikanda ya usalama ya magari. Utepe huo ni imara sana, ni mweusi au wa kijivu, na hauna maandishi. Hatari haiko kwenye utepe bali kwenye mshono. Lenzi ya Canon ya kuvuta mbali ya milimita 70 hadi 200 (f/2.8, toleo la pili la IS, yaani lenye kituliza mtikisiko) peke yake ina gramu 1,490, na ukijumlisha bodi na flashi unafika uzito ambao uzi wa kawaida haufai kuachiwa. Mshono uwe wa nailoni, upigwe mraba wenye msalaba ndani, na uvutwe kwa nguvu kabla kamera haijatundikwa.

Kuhusu mikanda ya kitenge, ambayo imekuwa fasheni, ni mizuri na inauzika, lakini inavuta macho kuliko jina la kampuni. Inamfaa anayetaka kuondoa tangazo la watu wengine na kuweka mapambo yake mwenyewe, na haimfai anayetaka kupita kimya.

Kupaka maandishi ya mkanda kwa maka peni nyeusi kunaonekana ni njia rahisi, na ndiyo inayonikera zaidi. Wino haukai vizuri juu ya uzi wa rangi uliofumwa, unahitaji kurudiwa, na jasho likiulowanisha unahamia kwenye kola. Kwa mpiga picha aliyealikwa kwenye nikahi akiwa amevaa kanzu nyeupe, hilo ni doa la kudumu.

Tepu, moja baada ya nyingine

Tepu ya umeme ndiyo inayokimbiliwa na wengi, kwa sababu kila duka la vifaa vya ujenzi linayo, kuanzia Mtwara mjini hadi Nachingwea na Newala, na bei yake ni ndogo. Ni nyeusi, inavutika, inafuata mapindo ya bodi. Sifa hizo zimekwishia hapo. Tepu hii ni plastiki ya PVC iliyochanganywa na vilainishi ili iweze kuvutika, na vilainishi hivyo, joto likizidi, huhama taratibu na kuingia kwenye gundi na kuilegeza. Isitoshe, mtu anapoibandika huivuta kidogo bila kujua. Baada ya siku kadhaa inarudi kwenye urefu wake wa asili, kingo zinasogea ndani, na mstari wa gundi unabaki wazi ukikusanya vumbi. Iache kamera yenye tepu hii ndani ya gari lililoegeshwa juani mchana mmoja, kisha inua kona yake kwa ukucha: inatoka ikivuta nyuzi za gundi kama ute wa bamia, na pembeni kuna mchirizi mweusi wa mchanga ulioganda. Tena inametameta, hivyo kwa yule wa vioo haifai tangu mwanzo. Naikubali kwa kazi ya siku moja tu, ibandikwe asubuhi na kutolewa jioni.

Tepu ya kitambaa, ile ambayo mafundi wa jukwaa na wa filamu huiita tepu ya gafa, imetengenezwa kwa nyuzi za pamba zilizopakwa juu kwa tabaka lisilong'aa, na gundi yake imekusudiwa kushika kwa muda na kuachia. Inachanika kwa vidole, inakatika vizuri kwa wembe, na weusi wake unameza mwanga badala ya kuurudisha. Kwa bodi ya kamera hakuna tepu inayoizidi. Shida ni upatikanaji, kwani katika maduka yetu ya Mtwara na Lindi ni nadra, na wengi huagiza Kariakoo ikaletwa na basi kama kifurushi. Rola moja ni ghali ukilinganisha na tepu ya umeme, lakini kamera inahitaji kipande kidogo tu, hivyo wapiga picha watatu au wanne wakichangiana rola moja itawatosha kwa miaka. Jihadhari na tepu pana nyeusi au za rangi ya fedha zinazouzwa kwa ajili ya kuziba mabomba na kufungia mizigo. Zina nyuzi ndani, muuzaji ataapa kuwa ni kitu kilekile, lakini zina ngozi ya plastiki juu na gundi nzito inayokusudiwa isitoke kamwe. Mulika kwa tochi ya simu: ikirudisha mwanga mkali, irudishe dukani.

Hata hivyo, tepu ya kitambaa nayo si ya kusahauliwa. Ikikaa miezi mingi katika joto, gundi yake huanza kukauka na kuacha ukoko. Mimi naona ibadilishwe kila baada ya wiki chache, na mapema zaidi katika miezi ya joto kabla ya mvua.

Plasta ya kitambaa inayouzwa kwenye maduka ya dawa huwa mbadala wa walio mbali na mji, kwa kuwa ina uso usiong'aa na inachanika kwa mkono. Lakini ni nyeupe, hivyo inalazimu kupakwa wino, na gundi yake ambayo imetengenezwa ishike kwenye ngozi yenye jasho huacha utando mweupe mgumu kuondoa. Tepu ya karatasi ya mafundi rangi iko kinyume chake: inatoka kwa urahisi ikiwa haijakaa, ila haivumilii jasho, na ile ya kawaida ni ya rangi ya maziwa, kwa hiyo badala ya kuficha inaonyesha kwamba kuna kitu kimefichwa.

Jinsi ya kubandika ina uzito sawa na tepu yenyewe. Sehemu ifutwe kwanza kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo spiriti ili kuondoa mafuta ya ngozi, kisha iachwe ikauke. Kipande kikatwe kwa wembe juu ya kioo au kigae, na pembe zake ziviringishwe kidogo, kwa kuwa pembe kali ndizo zinazonyanyuka kwanza kila kamera inapoingizwa na kutolewa begini. Kisibandikwe kwa kuvutwa. Kwa kamera ya kuazima au ya ofisi kuna namna ya kuhakikisha gundi haigusi herufi kabisa: kata kipande kidogo cha tepu chenye ukubwa wa maandishi, kigeuze kibandikwe gundi kwa gundi katikati ya kipande kikubwa, na hapo ni kingo tu zitakazoshika bodi. Namna hii inafaa zaidi kwa lenzi, ambazo maandishi yake mengine yamechapwa juu tu na yanaweza kubanduka pamoja na tepu.

Yapo maeneo yasiyopaswa kuguswa. Kamera zenye flashi ya kujifungua hufunguka kwenye nundu ya juu ya kamera, ileile yenye jina, na tepu ikivuka ufa wake flashi haitainuka, au itajaribu kuinuka na kuumiza mtambo wake. Angalia vitundu vya maikrofoni, ambavyo kwenye baadhi ya kamera viko juu ya nundu hiyo, taa ndogo ya mbele inayosaidia kulenga gizani, kihisi cha rimoti, na kihisi kilicho karibu na jicho kwenye kamera zisizo na kioo ndani (mirrorless). Tepu ya aluminiamu isitumike kabisa. Mbali na kumeta, metali inaweza kudhoofisha mawimbi ya GPS na ya Wi-Fi kwenye kamera zilizo na vitu hivyo ndani.

Rangi na kukwangua

Rangi ina mvuto mmoja mkubwa, kwamba hainyanyuki. Hakuna kingo za kushika mchanga wala kipande cha kubadilisha. Lakini rangi ni uamuzi wa mtu anayejua kwamba ataitumia kamera hiyo hadi mwisho wake.

Rangi ya kucha nyeusi inapendekezwa mara nyingi kwa sababu ina brashi yake tayari na inapatikana hata kwenye genge. Naipinga bila kusita. Viyeyushi vilivyomo ndani yake hulainisha aina nyingi za plastiki, na bodi za kamera za bei ya chini na ya kati ni za plastiki. Dawa ya kuiondoa nayo mara nyingi ni asetoni, ambayo inaharibu plastiki hiyo zaidi. Ukishaikosea, unachagua kati ya kuishi na doa linalong'aa au kuyeyusha uso wa kamera yako. Rangi ya akriliki inayochanganywa na maji, ile inayotumiwa na wachoraji, ndiyo ya kufikiriwa. Pale ambapo herufi zimechimbwa ndani ya bodi, tone dogo linajazwa kwa ncha ya kijiti cha meno, ziada inafutwa kwa kitambaa chenye unyevu kabla haijakauka, na kilichobaki ni kivuli cha jina ambacho mtu hukiona akiisogeza kamera usoni tu. Pale ambapo herufi zimechapwa juu bila kuchimbwa, rangi hiyo hukwaruzika mapema.

Maka peni kwenye bodi ni nafuu kuliko kwenye mkanda, kwa kuwa spiriti huiondoa, lakini wino mweusi juu ya herufi nyeupe hubadilika kuwa zambarau juani, na vidole vyenye jasho huufuta kwanza pale panaposhikwa zaidi.

Kukwangua herufi kwa wembe au msasa ni njia ambayo sitaki hata kuilinganisha na nyingine. Mbali na kuchubua bodi, inamletea mwenye kamera tatizo la kijamii na la kisheria pamoja. Kamera iliyokwanguliwa jina, siku ikipelekwa kwa fundi au ikitafutiwa mnunuzi, itaonekana ni ya wizi, na mwenyewe atalazimika kujieleza. Ndiyo maana nasisitiza kwamba, kwa njia yoyote utakayochagua, namba ya kiwandani iliyo chini ya bodi isifunikwe kwa kitu cha kudumu, na iandikwe pembeni au ipigwe picha pamoja na risiti. Namba hiyo ndiyo utakayoipeleka polisi kamera ikipotea. Nembo haitakusaidia kitu.

Stika na ngozi bandia

Mafundi wa mabango na wa kuandika magari wanaweza kukata stika nyeusi isiyong'aa kwa umbo kamili la uso wa kamera. Gundi ya stika nzuri za magari ni ya akriliki, ambayo huvumilia jua kuliko gundi za mpira zilizo kwenye tepu nyingi, na ikipashwa joto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele hutoka ikiwa nzima. Kwa kamera zenye uso ulionyooka ni chaguo zuri, pengine zuri kuliko tepu ya kitambaa kwa mtu asiyetaka kubadilisha kila mara. Ila nundu ya juu ya kamera nyingi imepinda pande mbili kwa wakati mmoja, na stika haipendi mpindo wa namna hiyo. Itajikunja au itaacha mapovu ya hewa, na mwishowe itaanza kunyanyuka palepale jina lilipo. Uliza stika isiyong'aa kabla hajaanza kukata, maana ya kung'aa ndiyo wanayoiweka mara nyingi.

Vikoba vya ngozi vinavyovishwa nusu ya chini ya kamera havifuniki jina la mbele, ambalo liko juu, hivyo kwa lengo letu vina faida ndogo. Katika unyevu wa pwani vina madhara pia: ngozi hunyonya maji na kuyatunza, na kamera inayolala ndani yake mwezi mzima bila kutolewa inaweza kuota ukungu kwenye lenzi. Hiyo ni hasara kubwa kuliko jina lolote.

Lenzi nyeupe

Wanaopiga picha za mpira pale Nangwanda Sijaona au Ilulu watauliza kuhusu lenzi kubwa nyeupe za Canon, ambazo hujitangaza kutoka upande wa pili wa uwanja hata bila nembo. Kishawishi ni kuzifunga tepu nyeusi kuanzia shingoni hadi mdomoni. Weupe ule, hata hivyo, una kazi. Unarudisha joto la jua ili sehemu za ndani zisitanuke na kuharibu ulengaji, na katika jua letu la saa tisa mchana lenzi iliyogeuzwa nyeusi hupata moto upesi. Inayofaa ni ala ya kitambaa kinene chenye rangi hafifu, kama kaki au ya mchanga, iliyoshonwa ili ivalishwe na kuvuliwa, ikiacha wazi swichi, pete ya kulenga na mguu wa kuwekea kwenye stendi. Hapa fundi cherehani anazidi tepu kwa mbali, na kitambaa kinakinga mikwaruzo pia. Kwa lenzi nyeusi ndogo, pete nyekundu au ya dhahabu hufunikwa kwa mkufu mwembamba wa tepu ya kitambaa, mradi usiguse pete inayozunguka.

Ipi kwa nani?

Anayetumia kamera ya kuazima au ya mwajiri atosheke na ala ya mkanda, na kama ana kazi mbele ya vioo aongeze tepu ya kitambaa iliyogeuzwa katikati, aitoe siku hiyohiyo. Mwenye kamera mpya anayotarajia kuiuza baada ya miaka miwili asiguse rangi. Kati ya tepu na stika, achague tepu ikiwa kamera yake ina nundu, na stika ikiwa uso wake umenyooka. Mwenye kamera kuukuu iliyochubuka, ambaye anapiga picha mitaani Mikindani au kwenye ngoma vijijini Tandahimba, anaweza kutia akriliki kwenye herufi na kuacha kuifikiria. Mpiga picha wa harusi ndiye mwenye kazi zaidi, kwa sababu kwake mambo mawili yanagongana: vioo vinadai jina lifichwe, na wateja wengine, tusidanganyane, huamini kazi ya mtu kwa kuliona jina kubwa kwenye kamera. Wapo wenzetu wanaofunika saluni na kufunua ukumbini, na siwalaumu; kwa hao tepu ya kitambaa haina mpinzani, kwani inatoka na kurudi ndani ya dakika moja.

Anayeogopa wezi tu, na asiye na sababu nyingine, fedha yake aiweke kwenye begi lisilo na jina, kisha mkandani, na bodi aiache ilivyo.

Siku ya kuondoa tepu iliyokwisha kukaa, isivutwe ikiwa baridi wala ikiwa imetoka juani. Ipashwe kidogo kwa kiganja, ivutwe polepole ikilalia bodi badala ya kuelekea juu, na gundi iliyobaki iokotwe kwanza kwa kubandika na kubandua kipande kipya cha tepu ileile. Kinachosalia kinafutwa kwa spiriti iliyotiwa kwenye kitambaa, kamwe si kwenye kamera moja kwa moja, kwa mizunguko midogo inayokaa mbali na ufa wa flashi na vitundu vya maikrofoni. Tina na petroli viachwe kwa mafundi magari, kwa kuwa vinalainisha ngozi ya mpira ya kishikio na kuibandua. Herufi zikiwa na ukoko pembeni, mswaki laini wa meno wenye spiriti kidogo unatosha.